Re: Hivi Wamarekani waliasi kweli kisa chai?

Mkuu umeuliza watu wazima waliingiaje vitani na Uingereza kisa chai, tena chai yenyewe ilishushwa bei. Ni kweli ilishushwa, na hapo ndo penye utamu.

Anzia 1763, Uingereza imempiga Mfaransa lakini madeni hadi shingoni, bunge la London likaona makoloni yake ya Amerika nayo yachangie. 1765 ikaja sheria ya stempu: gazeti, mkataba, leseni, hadi karata za kuchezea lazima zipigwe muhuri, na unalipa kwa hela ya Uingereza ambayo kule ilikuwa adimu kweli. Watu wakagomea bidhaa, mawakala wa stempu wakatishwa mpaka wakaacha kazi, 1766 ikafutwa. Ila siku hiyohiyo ikapita nyingine inayosema bunge lina haki ya kuwatungia sheria kwa jambo lolote, na wao mule ndani hawana mbunge hata mmoja!

Sasa chai. 1773 East India, kampuni ya Uingereza iliyokuwa ikiuza chai, ilikuwa hoi, ikaruhusiwa kuiuza yenyewe moja kwa moja kwenye makoloni, bei ikashuka lakini kodi ya peni 3 kwa ratili ikabaki palepale, yani ukinunua tu umekubali kutozwa. Halafu wafanyabiashara kibao walikuwa wanaishi kwa chai ya magendo, tusijifanye hatujui. Desemba 16 wapinga kodi wakamwaga masanduku 342 ya chai bandarini Boston, mji wa makoloni hayo.

Kwangu mimi London iliharibu 1774 ilipofunga bandari yote ya Boston mpaka chai ilipwe, makoloni mengine yakaanza kuwatumia Boston chakula, na Aprili 1775 risasi za kwanza za vita zikalia Lexington, karibu na Boston.