Kuhamia Leicester na watoto watatu: anza na mkubwa, na kumbuka shule hufuata anwani

Dada wa Mwanza, swali lako nimelisoma mara mbili. Umesema mumeo amepata kazi ya uuguzi Leicester, England, mnahamia Aprili, ninyi ni Wahindi wa hapa hapa nyumbani kizazi cha nne, na watoto wana miaka 13, 9 na 4. Unataka majina ya shule nzuri, na unauliza kama muwaweke watoto karibu na Wahindi wenzao au mbali nao. Nitakujibu yote mawili, ila hilo la majina nitaanza kwa kukutoa humo, maana mimi lilinipotezea miezi.

Mimi ni Mkachi wa Tanga, yaani Mhindi wa asili ya Kachi, Gujarat. Mume wangu ana uraia wa Uingereza, na tulihamia Leicester Januari 2016 tukiwa na watoto wa miaka 14, 10 na 4. Umri wao haupishani sana na wa wako, ndiyo maana nimeamua kuandika kwa kirefu.

Nikiwa bado Tanga nilikusanya majina ya shule kwa wifi zangu, kwa shemeji, kwa kila aliyewahi kukanyaga Leicester. Nilikuwa na shule saba kwenye daftari. Hakuna mwanangu hata mmoja aliyeingia yoyote kati ya hizo saba. Mimi nilikuwa nafikiri kama tunavyofikiri nyumbani: unasikia shule ina jina, unampeleka mtoto akafanye usaili, unalipa ada, basi la shule linamfuata hata akikaa mbali. Shule za serikali za England haziendi hivyo. Hazina ada, na maombi hupitia halmashauri ya mahali unapoishi. Waombaji wakizidi nafasi, shule hufuata vigezo vilivyokwishatangazwa: watoto walio chini ya uangalizi wa serikali, wenye ndugu shuleni, wanaoishi kwenye eneo la shule, kisha umbali kutoka mlangoni kwako. Mkataba wa pango mtakaosaini ndio utakaoamua mengi. Kwa hiyo kabla hujapenda nyumba, uliza iko kwenye eneo la shule ipi, na mwaka uliopita mtoto wa mwisho kupata nafasi alikuwa anaishi umbali gani. Halmashauri nyingi hutoa taarifa hizo.

Hapo Leicester pana jambo linalowachanganya wageni. Mtaambiwa mwende Oadby, kwa sababu familia nyingi za Kihindi zimehamia kule kufuata shule. Oadby haiko chini ya halmashauri ya jiji, iko chini ya ile ya kaunti. Maombi unayapeleka kwenye halmashauri ya unapolala, hata kama shule unayoitaka iko upande wa pili.

Sasa nije kwa mkubwa wako, maana hapo ndipo ningependa unisikilize kuliko mahali pengine pote.

Wengi wetu tukihama tunahangaika na mdogo kwa sababu ni mdogo. Mdogo ana miaka yote mbele yake; atajua Kiingereza cha uwanjani kabla hujajua basi la kwenda mjini. Mkubwa ndiye mwenye muda mfupi. Kule mtoto hawekwi darasa kwa kuangalia alikoishia, anawekwa kwa tarehe ya kuzaliwa, kuanzia tarehe 1 Septemba hadi 31 Agosti. Kukariri darasa karibu hakupo. Kijana wangu alikuwa amemaliza kidato cha kwanza Tanga Desemba 2015. Januari akaketishwa mwaka wa 10 wa shule (wa watoto wa miaka 14 hadi 15), katikati ya masomo ya miaka miwili ya GCSE, mtihani wa taifa wa karibu miaka 16, ambao angeufanya 2017. Wenzake walikuwa wameshachagua masomo, wameshasoma nusu ya vitabu vya fasihi. Akapewa masomo yaliyokuwa na kiti kitupu. Alitaka historia, hakuipata.

Hilo ningelivumilia. Lililoniuma ni hisabati. Kijana huyu nyumbani alikuwa anafundisha wenzake hesabu. Shule ikampima Kiingereza wiki ya kwanza, ikaona anasitasita, ikamweka kundi la chini kwa masomo yote, hisabati ikiwemo. Mimi nikashukuru, nikadhani wanampa muda wa kupumua. Sikujua kwamba mtihani wa hisabati wa GCSE una ngazi mbili. Ngazi ya chini, Foundation, hata mtoto akipata kila swali sahihi, alama ya juu kabisa ni 5. Ngazi ya juu, Higher, ndiyo inayofika 9. Kundi lake lilikuwa linaandaliwa kwa ile ya chini, na mtoto mwenye 5 shule nyingi hazimpokei kusoma hisabati ya A-Level, masomo ya miaka miwili kabla ya chuo kikuu. Yaani mlango wa uhandisi ulikuwa unafungwa taratibu huku mimi nikitoa asante.

Aliyenizindua ni mama mmoja nilikuwa namkuta getini. Nikaandika barua kwa mkuu wa idara ya hisabati, fupi, bila ukali, nikaomba apewe jaribio la hesabu tupu, zisizo na maelezo marefu. Walimpa. Baada ya wiki tatu akahamishwa makundi mawili juu, na baada ya Pasaka akaingia kundi la Higher. Mwalimu aliyempokea alimkalisha mbele na kumpa daftari la msamiati wa hisabati. Mwalimu yule nitamwombea hadi naingia kaburini. Sisi tulizoea kwamba mzazi hamuulizi mwalimu. Kule mzazi asiyeuliza huonekana ameridhika. Uliza mwanao yuko kundi lipi na anaandaliwa kwa ngazi ipi, uliza kwa maandishi, uliza wiki ya pili.

Mwanao wa miaka 13 ana nafuu kubwa kuliko wangu, na nafuu hiyo msiichezee. Shule nyingi huwapa watoto nafasi ya kuchagua masomo ya GCSE wakiwa mwaka wa 9, mara nyingi kati ya Januari na Pasaka. Kama kazi ya baba inaruhusu, afike kabla ya uchaguzi ule. Nimesikia familia zinazosema baba atangulie, wengine wabaki mpaka mkubwa amalize kidato cha nne. Kwa mtoto wa 16 au 17 naweza kuelewa, maana anaweza kuingia chuo cha A-Level moja kwa moja. Kwa wa 13, kila muhula mnaongoja ni muhula anaonyang'anywa.

Kuna na suala la chuo kikuu, ambalo hakuna wifi aliyenitajia. Watoto wangu wana pasi za Uingereza, nikadhani inatosha. Haitoshi. Ili mtoto alipe ada ya mwenyeji na kupata mkopo wa serikali, kwa kawaida lazima awe ameishi huko miaka mitatu mfululizo kabla ya kuanza masomo. Wangu alianza Septemba 2019, tukawa ndani ya mstari. Tungechelewa mwaka mmoja tu, tungedaiwa ada ya mgeni wakati wenzake walikuwa wanalipa pauni 9,250 kwa mwaka. Ninyi mnakwenda kwa viza ya kazi, na kwenu miaka mitatu peke yake haitoshi, hadhi ya ukaazi nayo huangaliwa. Mtafuteni mshauri wa uhamiaji mwenye leseni mapema, mkubwa akiwa bado na miaka 13, si siku ya kujaza fomu za chuo. Kuhusu shule yenyewe msiogope. Hata viza ikiandikwa kwamba hamruhusiwi kutumia fedha za umma, shule ya serikali haihesabiwi humo.

Huyo wa miaka 4. Darasa la awali kule huitwa Reception, mtoto huanza Septemba baada ya kutimiza miaka minne, na mwisho wa maombi ni 15 Januari ya mwaka huo huo. Sisi tulitua tarehe 20 Januari. Siku tano. Maombi yaliyochelewa hushughulikiwa baada ya yote yaliyowahi, na majibu ya Aprili yalipotoka, mdogo wangu akapewa shule ya mabasi mawili wakati dada yake anasoma dakika sita kutoka nyumbani. Msimkatie mtoto tamaa hapo. Tulikubali nafasi ile, kwa sababu kuikataa hakukuongezei haki yoyote kwingine, tukaandikisha jina kwenye orodha ya kusubiri ya shule ya dada yake. Orodha hiyo haifuati nani ametangulia kujiandikisha, inafuata vigezo vile vile, kwa hiyo kuwa na dada mle kulimpandisha. Wiki ya pili ya Septemba familia moja ilihama, wakatupigia simu. Rufaa ipo pia, kwenye jopo huru, lakini kwa madarasa ya watoto wadogo sheria inaweka kikomo cha watoto 30 kwa mwalimu, na rufaa za hapo ni ngumu kushinda.

Kwa yule wa 9, tarehe yenu ni 31 Oktoba atakapokuwa mwaka wa 6, wa mwisho wa shule ya msingi kule, kwa ajili ya sekondari. Mtapewa nafasi tatu au zaidi kwenye fomu. Zijazeni zote. Jamaa zetu wana imani kwamba ukiandika shule moja tu, halmashauri italazimika kukupa. Hailazimiki. Shule haioni umeiweka ya ngapi, na ukikosa ile moja utapewa iliyobaki, na iliyobaki mara nyingi ni ile iliyokimbiwa. Weka unayoitamani juu, na chini weka moja ambayo umbali wako unakuhakikishia.

Mtaingia katikati ya mwaka, basi maombi ya wote walio na umri wa shule yatakuwa ya katikati ya mwaka, kwa halmashauri au shule yenyewe. Majibu hayapaswi kuzidi siku 15 za shule. Bebeni vyeti vya kuzaliwa, kadi za chanjo, ripoti za shule za miaka miwili na mkataba wa pango. Jina la ukoo liandikwe namna moja kwenye karatasi zote. Sisi Wahindi wa Afrika Mashariki cheti kina jina la baba, pasi ina la ukoo, na hapo tu wiki inapotea.

Sasa la Wahindi wenzenu. Wapo watakaowaambia mkae mbali na Belgrave, mtaa wa Leicester wenye Wahindi wengi, eti watoto watazungumza Kigujarati mchana kutwa. Mimi binti yangu alisoma eneo lile, na siku ya kwanza msaidizi wa darasa alimwelekeza choo kwa Kigujarati, akaacha kulia. Kiingereza chake leo hakina kasoro. Chakula cha mboga na cha halali kilikuwepo bila kuomba, na hakuna aliyemuuliza kwa nini mkono una hina. Na asubuhi moja getini, bibi mmoja aliyezaliwa Jinja alinisikia namgombeza mwanangu kwa Kiswahili, akanigeukia: "Mama, umetoka wapi?" Alifika 1972, Amin alipowapa Waasia siku 90. Mwaka ule ule halmashauri ya Leicester ilikuwa imelipia tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus, ikiwaomba wasije mjini humo. Walikuja. Watoto wao ndio leo walimu, wajumbe wa bodi za shule na makarani wanaopokea fomu zetu. Kuwa karibu na watu hao ni msaada mkubwa kuliko mengi niliyowahi kusoma.

Ninachokataa ni kuchagua kwa rangi, iwe kukimbilia au kukimbia. Katembeleeni shule siku ya kawaida, si siku ya maonyesho. Ulizeni mara ya mwisho walipokea mtoto asiyejua Kiingereza vizuri lini, na walimfanyia nini. Jibu la mwalimu mkuu litawaambia zaidi ya ripoti ya Ofsted, wakaguzi wa shule wa serikali. Ripoti isomeni pia, lakini isomeni yote: neno moja la jumla la kuipima shule nzima lilifutwa kwa shule za serikali Septemba 2024, na mabango ya sifa mtakayoyaona kwenye uzio yanaweza kuwa ya ukaguzi wa zamani sana.

Mawili ya haraka ambayo jamaa watawashawishi. La kwanza, kutumia anwani ya shangazi ili mpate shule. Msithubutu. Ikigundulika, nafasi inaweza kuondolewa hata mtoto akiwa ameanza, na nimemwona mtoto akikusanya vitu vyake kwenye begi. La pili, kwenda harusi Gujarat au Mwanza wiki mbili kabla shule hazijafungwa. Faini ni pauni 80 kwa kila mzazi kwa kila mtoto ikilipwa ndani ya siku 21, kisha 160. Kwa watoto watatu na wazazi wawili, piga hesabu. Na mkikaa muda mrefu bila ruhusa, mtoto anaweza kufutwa kwenye daftari, mkirudi mkaanza maombi upya.

Ukirudi hapa, niandikie mkubwa amezaliwa mwezi gani. Akiwa na miaka 13 mkifika Aprili, aliyezaliwa kati ya mwisho wa Aprili na Agosti atakuwa mwaka wa 9 na kuchagua masomo kutakuwa kumekaribia kuisha au kumeisha. Aliyezaliwa kati ya Septemba na mwanzo wa Aprili atakuwa mwaka wa 8 na mna karibu mwaka mzima wa kujipanga. Nikijua hilo nitakuambia kama ningekuwa wewe ningesubiri Aprili au ningesogeza tiketi.