Tulisahau kupaka choo cha uani

Swali lenu la wiki liliuliza: "Je, ungetumia pesa kuipendezesha nyumba yako kabla ya kuiuza, au ni kutupa hela?" Juu yake mkaweka picha ya sebule ya Marekani yenye makochi meupe ya kukodi na bakuli la malimau mezani, na dalili zote kwamba humo halali mtu. Nililisoma ndani ya daladala ya Segerea, nikapitiliza kituo.

Jibu langu ni hapana, nisingetumia. Nyinyi mmeuliza kama inalipa. Mimi kinachonikera ni kama ni halali, na hilo hamkuliuliza, basi mtanisamehe nikijibu la kwangu.

Makochi ya kukodi tuwaachie wenyewe. Hapa mjini dalali haombi miadi. Anatokea saa saba mchana na mteja nyuma yake, wewe una povu hadi kwenye viwiko, mjukuu yuko uchi mlangoni na dagaa wako jikoni. Marehemu baba alipenda kusema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sasa niwaeleze tulivyoitembeza nyumba yake.

Ilikuwa Magomeni, upande unaoshukia bondeni. Nyumba ya Kiswahili kama mnavyoijua: vyumba sita, vitatu kila upande, korido katikati, baraza mbele, na uani jiko, bafu na choo. Wazazi walikaa viwili, vinne vya wapangaji. Ukutani mbele, kwa rangi nyeusi ya mafuta, palikuwa na maandishi makubwa: NYUMBA HII HAIUZWI. Mkazi wa Dar haelezwi maana yake. Baba aliyaandika kwa mkono wake baada ya kurudi kutoka msibani Tanga na kukuta watu wawili wasiomjua wakipima baraza lake, wameshamlipa tapeli malipo ya awali.

Kisha ikaja Desemba 2011, siku chache tu baada ya sherehe za miaka 50 ya Uhuru. Waliokuwepo hawajasahau. Msimbazi uliacha njia yake ukapanda kwa watu. Kwetu maji yaliingia alfajiri na yakafika kiunoni. Godoro la mama lilielea koridoni kama mtumbwi uliokata kamba. Na sisi tulikuwa na nafuu. Waliokaa chini yetu walipoteza watu, na wengine walihamishiwa Mabwepande wakaanze upya kwenye mahema. Maji yalipoondoka yaliacha mstari wa kahawia ukutani, umenyooka kuliko mstari wowote ambao fundi wetu yeyote aliwahi kuupiga, ukazunguka vyumba vyote, ukapita koridoni, ukatoka hadi uani.

Baba alikataa usipakwe. Msidhani ni kwa ajili ya kumbukumbu. Alisema ukuta uliokunywa maji uachwe upumue kwanza, ukiuziba haraka chumvi itatoka tu, na itatoka na rangi yako. Alifariki mwaka uliofuata, mstari ukiwa bado upo.

Mwaka 2014 tukakubaliana kuuza. Tulikuwa sita, mama ameshahamia kwangu, na kaka mkubwa ndiye aliyekuwa msimamizi wa mirathi. Dalali aliletwa na shemeji. Akatembea korido yote, akarudi, akasimama mbele yangu. "Dada'ngu," akasema, "nyumba yenu inanuka maji."

Basi akatupa masharti kama mganga. Mapazia mazito yashushwe, mwanga uingie. Majiko ya mkaa ya wapangaji yatoke koridoni. Kabati la vyombo la mama, lililovimba miguu tangu mafuriko, lipelekwe kwa jirani likapumzike. Siku ya mteja asikaange mtu samaki. Udi uchomwe, ila nusu saa kabla, maana mteja akiuona moshi atajiuliza mnafukiza nini. Na kuta zote zipakwe. Kaka alinunua ndoo nne za lita 20, rangi ya maziwa, akaleta fundi. Fundi akakwangua chumvi, akapiga lipu nyembamba palipobanduka, akapaka mara mbili ndani. Nje alipaka mara moja tu, kwa sababu ndoo ya nne ilikuwa inaishia na kaka hakutaka kusikia habari ya ya tano.

Wakabaki wapangaji. Hao huwezi kuwapeleka kwa jirani pamoja na kabati. Wanajua kila kitu cha nyumba, na nyumba ikiuzwa wanahama wao, kwa hiyo hawakuwa na sababu ya kutupenda. Kaka akawaita barazani akaahidi kumrudishia kodi ya miezi mitatu kila atakayekuwa "mpole" siku hiyo. Mama wa vitumbua wa chumba cha mbele alicheka hadi akajishika mbavu. "Baba, mimi nitakuwa mpole mpaka unitafutie daktari."

Mteja alikuwa mwalimu mstaafu kutoka Morogoro, mafao ameshayapata, kaja na mkewe. Jumamosi, jua limewaka, lakini alfajiri palikuwa na manyunyu na ukuta wa mbele haujakauka vizuri. Wenye kujua rangi wameshacheka. Rangi nyeusi ya mafuta chini, rangi ya maji iliyopakwa mara moja juu, kisha unyevu. Mwalimu alisimama mbele ya baraza, akavaa miwani, akasoma kwa sauti kama yuko ubaoni: "Nyumba hii haiuzwi." Akamgeukia dalali. "Sasa sisi tumefuata nini?"

Dalali alicheka kwanza, tukamfuata sote, na kicheko hicho kilituvusha mlangoni.

Ndani kulipendeza, siwezi kukataa. Sijawahi kuiona nyumba ya wazazi wangu ikiwa na mwanga kiasi kile, na nilisikia uchungu kwamba mama hakuwahi kukaa ndani yake ikiwa hivyo. Nilikuwa na chetezo mkononi, nimechelewa kukificha. Mwalimu alikuwa akihesabu vyumba na kupiga hesabu ya kodi. Mkewe hakuhesabu kitu. Aliweka kiganja ukutani, chini kidogo ya dirisha, akakiacha hapo kama mtu anayempima mtoto homa.

"Hapa maji yanafika?"

Kaka akajibu haraka. "Mama, mwaka ule maji yalifika kila mahali. Mji mzima ulilia."

Uongo hapo hamuuoni. Jibu nalo hamlioni. Yule mama akanitazama mimi, mwanamke mwenzake, na mimi nikakitazama chetezo. Mama wa vitumbua aliendelea kukoroga unga wake, mpole kama alivyoahidi.

Ndipo akaomba kwenda kujisaidia.

Choo cha uani hakikuwa kimepakwa. Fundi aliulizia, na kaka akamjibu, nakumbuka maneno yenyewe, "Nani ananunua nyumba kwa kuangalia choo?" Tulisimama uani tukimsubiri, dalali anaongea habari za barabara na jinsi Kariakoo ilivyo karibu, na mimi nikijua kilichomo mle ndani kwa sababu nilikuwa nimekiona asubuhi nikienda kumwaga maji. Alipotoka hakusema neno. Alishusha kiganja ubavuni mwake, akakisimamisha kiunoni, akakishusha tena kidogo. Alikuwa anapima. Kisha akamsogelea mumewe, akamnong'oneza, wakaaga, wakaondoka. Dalali akanilaumu mimi, eti udi ulizidi.

Wiki mbili baadaye mwalimu akarudi peke yake. Sisi tulitaka milioni 90. Yeye akasema 72. Kaka akaanza kueleza ndoo za rangi na gharama za fundi, na mwalimu akamsikiliza kwa adabu zote za ualimu, halafu akasema: "Rangi nimeiona. Na choo nimekiona." Tuliuza 74.

Watu wakinisikia nikisimulia hadithi hii husema basi haki ilitendeka, mkapunguziwa bei, mkamaliza. Haikuisha. Kila masika nilikuwa namwona yule mama ameweka kiganja ukutani na mimi nimetazama chini. Desemba 2015 ilipokuja bomoabomoa ya bondeni, zile X nyekundu kwenye kuta za watu, sikupata usingizi. Nikajiambia tumemuuzia mstaafu wa watu nyumba ya kubomolewa. Januari nikaenda kuangalia, nikashukia Magomeni Mapipa, nikaingia kwa miguu kama mwizi.

Chini kabisa palikuwa peupe, vifusi na watu wakiokota nondo. X zilikuwa zimekomea nyumba kadhaa chini ya ile yetu. Mama yule alikuwa amekaa barazani anachambua mchele. Nikamwamkia. Alinitambua kabla sijajitambulisha, akanipisha jamvini, akaniletea chai.

"Mdogo wangu," akaniambia, "tulikagua nyumba tano huku kandokando ya bonde. Zote zimepakwa. Na kila mwenye nyumba ananiambia kwake maji hayajawahi kufika. Kwenu ndiko nilikokuta kipimo."

Kwa kipimo kile cha chooni walipandisha kizingiti, wakainua sakafu ya vyumba vya nyuma, soketi zote za umeme wakazihamishia usawa wa kifua. Akanitembeza ndani. Rangi yetu ya maziwa ilikuwa imevimba malengelenge na kubanduka, chumvi imetoka kama baba alivyosema, na mstari umerudi pale pale. Aliuonyesha kwa kidole akacheka. Mimi sikuweza.

Nilipoanza kuandika nilikuwa na hukumu mkononi: anayeipamba nyumba ya kuuza ni ndugu wa wale wanaopiga picha za Instagram kwa kamera inayokifanya chumba cha futi kumi kionekane ukumbi wa harusi. Sasa nimefika hapa na hukumu inanilegea. Udi haukumdanganya mtu, kila mwenye pua alijua ni udi. Kushusha mapazia na kuondoa majiko koridoni ni adabu ya kupokea mgeni, mama angefanya hivyo hivyo kama anakuja posa. Hata rangi yenyewe. Sehemu iliyonichoma ni pale nilipoulizwa nikatazama chini, na hapo hapakuhitaji ndoo hata moja.

Tena kama ni kuzungumzia hela, nitawajibu swali lenu na mimi nisionekane mkaidi: kaka alipeleka nguvu zake mahali pabaya. Kwetu ardhi yote ni ya umma, Rais ni mdhamini, sheria ya mwaka 1999 inasema wazi. Unachouza ni haki yako ya kuitumia na majengo yaliyo juu yake. Mnunuzi aliyelelewa Dar hanunui ukuta, ananunua karatasi. Anataka hati, au angalau leseni ya makazi. Anafanya upekuzi ardhi. Kama mwenyewe ni marehemu anataka barua ya mahakama ya msimamizi wa mirathi, na kama ni nyumba ya wanandoa anataka ridhaa ya mwenzi, kwa sababu sheria ya ndoa ya 1971 itamrudisha mahakamani. Sisi tulikuwa na kuta zinazong'aa, na barua ya usimamizi ilikuwa kwenye mfuko wa rambo chini ya kitanda cha kaka, imelowa nusu. Mwalimu alisubiri wiki tano tutafute nakala na mdogo wetu wa Mwanza akubali kusaini. Mtu mwingine angekwenda zake. Hizo ndizo zilizohitaji kuanikwa kabla ya mapazia.

Sasa niseme ambalo sikukusudia kusema. Nyumba yangu ya hapa Segerea naiuza, magoti hayapandi tena mlima wa kutoka kituoni. Na juzi nimenunua ndoo mbili za rangi. Mtaniita mnafiki, mna haki. Lakini nitapaka penye ukuta mkavu tu, na ule ufa wa chini ya dirisha la jikoni nimemwambia fundi auache kama ulivyo, ingawa binti yangu anasema nimechanganyikiwa na kwamba hakuna anayelazimika kutangaza ufa. Labda yeye ndiye mwenye akili. Sijui ningemjibu nini kama nyumba ingekuwa yake na mwanawe anadaiwa ada.

Kwa hiyo andikeni kwamba nimejibu ndiyo.

Na kama kuna msomaji anayetafuta, ni vyumba vitatu, hati ipo, maji ya bomba yanatoka siku nne kwa wiki, zikizidi mshukuruni Mungu. Mje asubuhi. Mchana jirani anachomelea mageti, na dalali wangu ameniomba nisiwaonyeshe nyumba muda huo.