Siku ya kura Uingereza: wapiga kura wanatumaini nini, wanaogopa nini, na sisi tunahusikaje

Ndugu uliyeanzisha uzi huu, umeuliza mambo mawili: kwanza, mtu wa Uingereza anapokwenda kupiga kura ya uchaguzi mkuu anakuwa na matumaini gani na hofu gani; pili, kama sisi tunaoishi huko kwa viza tunahusika na kura hiyo au ni watazamaji tu. Nitajibu kwa kutumia uchaguzi wa Alhamisi ya tarehe 4 Julai 2024, kwa sababu niliupigia kura mwenyewe hapa Leicester kwa pasipoti ya Tanzania, na kwa sababu kazi yangu katika nyumba ya kulelea wazee ilinikutanisha na wapiga kura wa kila aina kabla ya siku yenyewe kufika.

Hili la pili nalitanguliza kwa kuwa jibu lake ni fupi na wengi hawalijui. Sheria ya Uingereza inamruhusu raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola anayeishi kihalali nchini humo, akiwa ametimiza miaka 18, kujiandikisha na kumchagua mbunge, hata kama yupo kwa viza ya masomo au ya kazi. Kwa hiyo Mtanzania, Mkenya, Mganda, na hata Mnyarwanda ambaye nchi yake ilijiunga na Jumuiya hiyo mwaka 2009, wote wanapiga kura, ilhali Mkongo, Mrundi na Mwomani wanasubiri mpaka wapate uraia. Katika nyumba tuliyokuwa tumepanga alikuwamo ndugu mmoja wa Bukavu, aliyekuja Uingereza miaka mingi kabla yangu na anayefuatilia siasa za Bunge la Uingereza kuliko wenyeji wengi, lakini siku hiyo yeye ndiye aliyebaki jikoni huku sisi wageni wa juzi tukitoka kwenda kituoni. Alitutania kwamba tumwakilishe vizuri, ila utani ule ulikuwa na uchungu ndani yake.

Sasa matumaini na hofu. Chama cha Conservative kilikuwa madarakani tangu mwaka 2010, na katika miaka hiyo 14 nchi ilipitia mawaziri wakuu watano: Cameron, May, Johnson, Truss na Sunak. Mfumuko wa bei ulifika asilimia 11.1 mwezi Oktoba 2022, na mwezi mmoja kabla ya hapo bajeti ndogo ya serikali ya Liz Truss ilikuwa imeyatikisa masoko ya fedha na kupandisha riba ya mikopo ya nyumba. Mwenye nyumba wetu alipotuongezea kodi, hiyo riba ndiyo sababu aliyoitaja, na sikuwa na hoja ya kumjibu. Juu ya hayo, orodha ya watu wanaosubiri matibabu ya hospitali huko England ilikuwa na kesi zaidi ya milioni 7.5. Ukimuuliza mpiga kura wa kawaida wa hapa anataka nini, mara nyingi hakuambii habari ya itikadi. Anakuambia habari ya goti lake ambalo limesubiri upasuaji mwaka mzima, au ya kijana wake mwenye umri wa miaka 30 anayelala bado katika chumba alichokulia.

Ndiyo maana naamini, na takwimu nitakazozitaja zinaniunga mkono, kwamba siku ile watu wengi walikwenda kumwondoa aliyekuwapo, wakiwa na matumaini madogo sana kwa anayekuja. Jirani yetu, bibi wa Kiingereza anayeishi peke yake, alinieleza akiwa mlangoni kwake kwamba Labour, chama kikuu cha upinzani wakati huo, haimpi furaha yoyote, ila amechoka. Hofu yake ilikuwa moja, nayo ni gharama ya kupasha nyumba joto wakati wa baridi, na alijipa moyo kwamba hakuna serikali itakayothubutu kugusa posho ya wazee ya majira hayo.

Kazini kwangu mambo yalikuwa na sura nyingine. Wazee wengi pale hupiga kura kwa posta: karatasi ya kura inaingia katika bahasha yake, kisha kuna fomu ya kuweka sahihi na tarehe ya kuzaliwa, na sisi walezi tunaruhusiwa kuwasaidia kufungua bahasha lakini si kuwashauri wamchague nani. Mzee mmoja, mwanajeshi wa zamani, hakuficha kwamba kura yake ni ya Reform UK, chama cha Nigel Farage, kwa sababu wageni wamezidi. Alinieleza hayo huku nikimfunga vifungo vya shati. Kisha akanyamaza kidogo, akaniuliza kwa wasiwasi wa kweli: hao wakishinda, wewe hutaondoka, au siyo? Sikumwona kama mnafiki. Alikuwa na hofu mbili zinazopingana na karatasi moja tu ya kura, na wapo wapiga kura wengi wa namna yake.

Hofu yetu sisi walezi wa kigeni ilikuwa na tarehe zake. Tangu tarehe 11 Machi 2024, mtu aliyeingia kwa viza ya kazi ya ulezi hakuruhusiwa tena kuja na mwenza wala watoto. Mwezi uliofuata, kipato cha chini kinachotakiwa kwa anayetaka kumleta mwenza wake kwa njia ya viza ya familia kikapanda kutoka paundi 18,600 hadi 29,000 kwa mwaka, kiasi ambacho mlezi wa kawaida hakifikii hata akifanya zamu za usiku. Tuliposoma ilani za vyama viwili vikubwa tuliona kwamba vyote viliahidi kupunguza wageni, tofauti ikiwa ni lugha iliyotumika. Tumaini letu kubwa lilikuwa kwamba Labour ingeufuta ule mpango wa kuwapeleka Rwanda waomba hifadhi, mpango ambao Mahakama ya Juu ilikuwa imeukataa mwezi Novemba 2023 na serikali ikautungia sheria mpya ili uendelee.

Na hapo Leicester inakupa somo ambalo London haikupi. Mji huu ulipokea maelfu ya Waasia waliofukuzwa na Idi Amin mwaka 1972, licha ya halmashauri yake kutoa tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasije. Ukipita barabara ya Belgrave leo utasikia Kiswahili katika maduka ya vitambaa na ya viungo. Kuna mwenye duka mmoja, mzaliwa wa Kampala, ambaye mimi humwita Mzee naye huniita kijana, na siku chache kabla ya kura tulijadiliana kwa muda mrefu juu ya kaunta yake. Kwake yeye Sunak, ambaye baba yake alizaliwa Nairobi na mama yake Tanganyika, alikuwa fahari ya watu wote waliotoka Afrika Mashariki na masanduku mawili. Nilipomtajia Rwanda aliniambia, “Kijana, sisi tulifukuzwa tukiwa na pasipoti za Uingereza mkononi, hawa wanapanda mashua.” Sikukubaliana naye, na nilimwambia hivyo kwa adabu, lakini niliondoka nikijua kwamba yeyote anayezungumzia kura ya wahamiaji kana kwamba ni kura moja hajawahi kununua bizari pale.

Upande wa kusini wa mji, ninakoishi, suala lililotawala mazungumzo lilikuwa Gaza. Majirani zangu Waislamu waliokuwa wapiga kura wa Labour kwa maisha yao yote waliona chama hicho kimechelewa mno kudai vita visitishwe. Mbunge wetu, Jonathan Ashworth, alikuwa ameshinda mwaka 2019 kwa tofauti ya kura zaidi ya 22,000, na wachambuzi wengi waliliona jimbo hilo kuwa salama kabisa.

Siku yenyewe, ukilinganisha na kwetu, ni ya kimya mno. Si sikukuu, watu hupiga kura kabla au baada ya kazi, kati ya saa moja asubuhi na saa nne usiku. Kituo chetu kilikuwa ukumbi wa kanisa, bila foleni ya maana, na bila askari mwenye bunduki. Ule ulikuwa uchaguzi mkuu wa kwanza ambapo wapiga kura wa England, Scotland na Wales walitakiwa kuonyesha kitambulisho chenye picha, na hofu iliyoonekana waziwazi ilikuwa hiyo: kijana mmoja mbele yangu alirudishwa nyumbani kwa kuwa alikuja na kadi ya chuo, wakati mzee aliyemfuata alipita kwa kadi yake ya basi, jambo ambalo mpaka leo naliona si la haki. Karani alifungua pasipoti yangu, akaangalia orodha yake, akaangalia uso wangu, kisha akapitisha rula juu ya daftari mpaka kwenye jina langu na kulikata kwa mstari. Kibandani kuna penseli iliyofungwa kwa uzi. Hakuna wino wa kidole, na nakiri niliukosa, maana nilitaka picha ya kutuma nyumbani.

Saa nne kamili usiku vituo vya televisheni vikatangaza utabiri uliotokana na kuwahoji watu waliotoka kupiga kura: Labour viti 410 kati ya 650. Matokeo ya mwisho yakawa 411, Conservative wakabaki na 121, na Liz Truss mwenyewe akapoteza jimbo lake kwa kura 630. Lakini Labour ilipata viti vyote hivyo kwa asilimia 33.7 tu ya kura, kwa kuwa katika kila jimbo anayeongoza huchukua kiti hata kama wengi hawakumtaka. Reform ilipata asilimia 14.3 ikaambulia viti 5, huku Liberal Democrats kwa asilimia 12.2 wakivuna 72. Waliojitokeza walikuwa takriban asilimia 60 ya waliojiandikisha, idadi ndogo kuliko chaguzi zote tangu mwaka 2001. Huo ni uchovu, na ndio niliousikia mlangoni kwa jirani.

Leicester ikaenda kinyume cha nchi. Kusini, Ashworth aliangushwa kwa kura 979 na mgombea binafsi, Shockat Adam, ambaye ni mtaalamu wa macho. Mashariki, upande wa yule Mzee wa duka, kura za Labour ziligawanyika kwa kuwa wabunge wake wawili wa zamani waligombea nje ya chama, na Conservative wakakichukua kiti, kiti pekee walichokinyakua kwa chama kingine nchi nzima. Kwa hiyo anayekuambia kura moja haina maana Uingereza, mwambie pia kwamba Hendon, London, mshindi alipita kwa kura 15.

Matumaini yaliishia wapi? Mpango wa Rwanda ulifutwa mara tu baada ya Keir Starmer, kiongozi wa Labour, kuingia madarakani. Kabla mwezi wa Julai haujaisha, serikali yake ikatangaza kuiondoa ile posho ya baridi kwa wazee wengi, na jirani yangu akaacha kunisalimia kwa wiki kadhaa kana kwamba niliiandika bajeti mimi. Mwaka uliofuata wengi walirudishiwa. Kile kiwango cha paundi 29,000 kilibaki palepale, na tarehe 22 Julai 2025 mlango wa kuajiri walezi wapya kutoka nje ukafungwa.

Uchaguzi ujao lazima ufanyike kabla ya mwisho wa Agosti 2029. Kama wewe ni raia wa Jumuiya ya Madola na viza yako ni hai, jiandikishe sasa kwenye intaneti, na usisubiri tarehe ya kura itangazwe kwa kuwa daftari hufungwa siku 12 za kazi kabla. Kama si raia wa Jumuiya hiyo, usijiandikishe hata ukishawishiwa, kwa maana kutoa taarifa za uongo ni kosa la jinai. Pasipoti ya Tanzania au ya Kenya inatosha kituoni, na hata ikiwa imekwisha muda wake hupokelewa, mradi picha bado inafanana nawe.