Kabla hujashika maiki: kwa wadogo zangu mnaotafsiri muvi za maroboti

Wadogo zangu, Jumamosi nilikaa kwenye benchi la kibanda kimoja cha video hapa Nkuhungu, Dodoma, nikamsikiliza kijana akitafsiri Alien ya mwaka 1979, ile ya kiumbe kinachoua watu ndani ya chombo cha angani. Sauti anayo, pumzi anayo. Lakini muvi haijachanganya, kashamtangaza nahodha Dallas kuwa ndiye steringi, na Ripley kamwita "demu wa steringi". Dallas alipopotelea kwenye mirija ya hewa, kibanda kizima kikamgeukia: "Steringi kafa?" Kijana akakosa la kusema. Niliumia, maana kosa hilo ni letu la zamani na mmelirithi bila kuambiwa.

1. Iangalie filamu mpaka mwisho kwanza. Najua mtasema muda hakuna. Nami nilisema hivyohivyo. Enzi za deki, kule Chang'ombe, mwenye kibanda aliniletea Terminator 2, ile ya 1991, jioni ileile ya kuonyesha. Ya 1984 nilikuwa nayo kichwani: Schwarzenegger ni mashine iliyotumwa kumuua Sarah Connor, haichoki wala haina huruma. Basi alipotokea tu nikapaza sauti, "Adui karudi!" Yule mwembamba mwenye sare za polisi nikasema ndiye mlinzi wa John, mtoto wa Sarah. Watu wakampigia makofi.

Wakakutana kwenye ule ujia. Schwarzenegger akatoa bunduki kwenye boksi la maua, akamkinga mtoto kwa mwili wake, risasi za yule polisi zikamwingia mgongoni. Pale ningesema, "Jamani, nimekosea," yangeisha. Sikusema. Nikaona aibu, nikatangaza kuwa huyu ni pacha wa yule wa kwanza, pacha mwema.

Uongo ule niliubeba mpaka mwisho wa muvi. Sarah anaiona mashine ikitoka kwenye lifti ya hospitali, anaanguka, anajiburuta kurudi nyuma kwa hofu ya miaka yote ile, mimi naongelea mapacha. Mtoto John anaifundisha isiue watu, mimi mapacha. Hata inaposhushwa kwenye chuma kilichoyeyuka, Sarah mwenyewe akibonyeza kitufe kwa kuwa mashine haiwezi kujiua, bado nilikuwa naongea. Mtoto mmoja aliyekaa chini kwenye turubai, vidole vyekundu kwa ubuyu, akanivuta suruali: "Anko, anayeungua ni pacha yupi?"

Sikuwa na jibu. Mashine ile haikuzaliwa na wema. Ni muundo uleule wa muuaji, sura ileile, imebadilishiwa amri, kisha inajifunza uhai wa mtu ni nini. Ukubwa wake wote uko hapo, na mimi niliwanyima watu waliolipa kiingilio.

2. Ripley ndiye steringi, na dalili mnapewa mapema. Mwenzao Kane analetwa chomboni na kiumbe kimemng'ang'ania usoni, Ripley anakataa kufungua mlango kwa sababu kanuni za karantini zinakataza. Dallas anamwamuru afungue, bado anakataa. Mwenzao mwingine, Ash, ndiye anayefungua. Ukishamwita demu wa mtu, sentensi ile ya kukataa utaitamkaje iwe na uzito?

3. HAL 9000, kompyuta ya chombo cha angani kwenye 2001: A Space Odyssey ya mwaka 1968, hapigi kelele. Douglas Rain alimpa sauti tulivu, kompyuta inayoua kwa adabu. Mwanaanga Bowman anapochomoa vipande vyake vya kumbukumbu na sauti ile kuanza kuzama polepole, nyamazeni, tafadhali.

4. Pumzi za Darth Vader, yule adui mwenye kofia nyeusi wa Star Wars, ziacheni zisikike. Fundi sauti Ben Burtt alizirekodi kwa kifaa cha kupumulia cha wapiga mbizi, halafu wewe unazifunika kwa "oyaa wazee!" Roboti R2-D2, anayeongea kwa milio tu, naye msimpe maneno, jibu la roboti mwenzake C-3PO linatosha watu kuelewa.

5. Kwa vumbi hili la Dodoma, kunywa maji ya uvuguvugu, soda baridi achana nayo.

Nimeshaongea na mwenye kibanda cha Nkuhungu. Jumamosi ijayo Alien inarudiwa, na maiki atashika kijana yuleyule. Aje Ijumaa kwangu na daftari, tuitazame wawili mpaka majina yaishe.