Kopo la Pili kwenye Shimo la 10

Wiki iliyopita kijana mmoja aliniandikia swali lililonifanya niiweke simu mezani na kukaa kimya kwa muda. Anacheza gofu kwa handikapu ya 16 (yaani idadi ya mikwaju anayosamehewa mchezaji wa ridhaa, na ikiwa ndogo ndivyo alivyo hodari), ameingia fainali ya kombe la klabu yake kwa mara ya kwanza, na alitaka nimwambie kati ya kahawa, kinywaji cha kuongeza nguvu na miraa ni kipi kitakachompa uchangamfu asubuhi ya siku hiyo. Nilimjibu mistari miwili tu, kisha nikaona haya, kwa sababu jibu la kweli limo katika kisa ambacho kwa miaka miwili nimekuwa nikikikwepa kila kinapotajwa barazani.

Ilikuwa mwezi wa Februari, wakati kaskazi inavuma na jua la Pwani linachoma tangu saa 3 asubuhi. Handikapu yangu ilikuwa 13, na kwa mwezi mzima nilikuwa nimefanya mazoezi kila jioni mpaka mpira ukawa hauonekani tena. Usiku wa kuamkia mashindano nililala saa chache, nikaamka na kunywa vikombe viwili vya kahawa tungu, na nilipofika uwanjani nikafungua kopo la nusu lita la kinywaji cha nguvu kabla hata ya kupiga mpira wa kwanza. Mashimo 9 ya mwanzo niliyamaliza kwa mikwaju 41, na katika gofu anayepiga michache ndiye anayeshinda. Sitajifanya mnyenyekevu hapa: sijawahi kucheza hivyo kabla ya siku ile, na wote waliokuwapo walishuhudia.

Kilichoniharibia ni habari njema. Tulipokuwa tukielekea shimo la 10, mtu mmoja aliniambia kwamba hakuna aliyekuwa mbele yangu. Moyo ulianza kunidunda hapo hapo, nami nikadhani ni uchovu wa kukosa usingizi, nikafungua kopo la pili. Kedi wangu, mzee aliyebeba mifuko ya gofu tangu mimi nikiwa shuleni, aliniuliza kwa upole, "Bwana, hilo la nini tena? Maji yapo." Nilimjibu kwa ukali, jambo ambalo linaniuma hadi leo kuliko kombe lenyewe.

Kwenye shimo la 11 nilichukua fimbo namba 8, ambayo kwa kawaida hunipelekea mpira mita 125, na mpira ukaruka juu ya grini yote, yaani uwanda wa nyasi fupi wenye shimo, ukaangukia vichakani. Nilifurahi! Nilidhani nimepata nguvu mpya, nikarudia kosa lile lile kwenye shimo la 12. Kufika la 14 mpira ulikuwa umebaki chini ya mita moja kutoka shimoni, na nilipoinama niliona kichwa cha fimbo kikitikisika kama jani. Nilipiga mara nne kwenye grini ile. Nikarudi na mikwaju 56 kwa mashimo 9 ya mwisho, na mezani mwenzangu mmoja akasema mbele ya watu kwamba siku ile nilikuwa na mbio kuliko mpira. Watu walicheka. Nimemsamehe, ingawa bado haijatokea tukapanga kucheza pamoja.

Baadaye nilifanya hesabu ambayo ningeifanya kabla. Vinywaji vingi vya aina hii vina miligramu 32 hivi za kafeini katika kila mililita 100, kwa hiyo kopo moja la nusu lita lina takriban miligramu 160. Makopo mawili pamoja na kahawa ya alfajiri yalinifikisha karibu na miligramu 400, na huenda yalinivusha, na hicho ndicho kiasi ambacho mamlaka za afya za Ulaya na Marekani hukitaja kuwa kikomo cha mtu mzima mwenye afya kwa siku nzima. Tena kafeini huchukua takriban saa 5 kupungua kwa nusu mwilini, nao mzunguko wa mashimo 18 huchukua saa 4 hadi 5, kwa hiyo kopo la pili lilikuta la kwanza bado linafanya kazi. Juu ya yote hayo kulikuwa na kichangamshi ambacho sikukinunua dukani: hofu yenyewe humwaga adrenalini mwilini, moyo ukaenda mbio na misuli ikakaza. Ndiyo sababu fimbo namba 8 ilipeleka mpira kama namba 7, ambayo hupeleka mbali zaidi. Nilikuwa nimeshalewa mashindano, nami nikaongeza kopo.

Jambo hili si geni. Mwaka 1908 Wamarekani wawili, Yerkes na Dodson, waliwafunza panya kwa mishtuko ya umeme, wakaona kwamba katika kazi nyepesi mshtuko mkali ulisaidia, lakini katika kazi ngumu mshtuko wa wastani ndio uliofaa zaidi. Gofu ina kazi zote mbili katika mchezo mmoja. Ukiwa kwenye tii, pale unapopigia mpira wa kwanza wa kila shimo, unaweza kuvumilia msisimko, na pengine ukakupa mita kadhaa. Lakini uwanja wa mikwaju 72 umepimwa kwa kuhesabu mipigo miwili kwenye kila grini, yaani 36, nusu ya mchezo wote, na hapo mkono unatakiwa utulie. Sitaficha kwamba utafiti wa 2016 wa Marekani, uliowahusisha wachezaji 12 wa ridhaa katika mashindano ya siku mbili, ulionyesha kafeini ikiwapunguzia mikwaju miwili hivi. Hata hivyo, wao walipewa kiasi kilichopimwa, chini ya miligramu 2 kwa kila kilo ya uzito, si kubugia kama nilivyobugia mimi.

Kuhusu miraa, ninayemwandikia anaishi Kenya ambako ni zao halali, na simhukumu mtu anayetafuna barazani kwake. Lakini miraa hufukuza usingizi na hamu ya kula, na mchezaji wa saa 5 juani anavihitaji vyote viwili. Isitoshe, kathini, kichangamshi kilichomo ndani yake, imepigwa marufuku na sheria za dawa michezoni wakati wa mashindano ikizidi kiwango fulani katika mkojo, tofauti na kafeini ambayo iliondolewa katika orodha ya marufuku mwaka 2004. Wapo pia wanaokimbilia upande wa pili na kumeza dawa za moyo ili mkono usitetemeke, na hao wajue kwamba katika gofu dawa za jamii ya beta-bloka zimekatazwa wakati wa mashindano. Kijana anayeota kuitwa timu ya taifa ya ridhaa asianze maisha yake kwa mkojo wenye maswali.

Basi nishauri nini? Siku ya mashindano usinywe kitu ambacho hunywi siku ya mazoezi. Beba maji. Moyo ukidunda, chukua fimbo fupi kuliko uliyoizoea, na usilichukulie shimo moja kama hukumu ya maisha: handikapu yako hukokotolewa kwa mizunguko 8 bora kati ya 20 ya mwisho, kwa hiyo siku moja mbaya haikuvunji. Mwaustralia Greg Norman alianza siku ya mwisho ya Masters ya 1996, mashindano makubwa ya gofu ya Marekani, akiongoza kwa mikwaju 6, akamaliza nyuma ya Nick Faldo kwa 5, na bado dunia inamwita bingwa. Na narudia, kwa kuwa najua vijana mnaruka mistari: usinywe kitu kipya siku hiyo. Tumekuwa watu wa kutafuta nguvu dukani huku tukiwajibu vibaya wazee wanaotupatia maji.

Nilimpigia simu kedi yule nikamwomba radhi, naye akasema hakumbuki. Nadhani anakumbuka. Kijana naye amenijibu leo asubuhi akiuliza kama chai ya maziwa nayo inahesabiwa. Nimemwambia inahesabiwa, lakini anywe kikombe kile kile anachokunywa kila Jumamosi, na mwanzo wa mchezo wake ni saa 2:40.