Muulize Mama Picha: Sanamu za bustanini

Mwezi huu nimeziweka kando barua za harusi na za "kamera gani ninunue". Barua za sanamu zimerundikana mezani, na nyingi zinalalamika jambo moja kwa maneno tofauti. Tuanze na mwanafunzi wa Morogoro.

Shikamoo Mama Picha. Tulikwenda Unguja na wenzangu wa chuo tukapita Mkunazini kuona sanamu za watumwa kwenye kiwanja cha Kanisa la Anglikana. Tulifika saa sita mchana. Kwenye picha zangu zote nyuso ni nyeusi tii, na majani ya nyuma yamekuwa meupe kama yamemwagiwa jiki. Natumia simu. Tatizo ni simu?

Marahaba mwanangu. Simu haina kosa, na jibu umeliandika mwenyewe: saa sita mchana. Wale watu watano wamewekwa shimoni, chini ya usawa wa ardhi, na ndiyo maana mgeni akifika husimama ukingoni akawatazama kwa chini. Jua la utosini linawapiga mabegani na kwenye paji la uso, halafu macho, mashavu na midomo vinabaki gizani. Huko nyuma bustani inawaka jua. Simu ikajaribu kugawa katikati, ikakosa kote kuwili.

Ukirudi, nenda asubuhi mapema kadiri geti linavyofunguliwa, au alasiri baada ya saa kumi. Na ukikuta wingu limetanda, usinune. Mpiga picha wa harusi ndiye wa kulia mawingu yakija. Kwa sanamu iliyo shimoni wingu ni neema, kwa sababu mwanga unashuka kutoka kila upande ukaingia hadi kwenye matundu ya macho. Masika nayo ina faida zake: sanamu iliyolowa rangi yake hukoza, na nyufa zake huonekana vizuri.

Sasa kuhusu mahali pa kusimama. Karibu kila picha ya sanamu zile ninayoletewa imepigwa na mtu aliyesimama wima, kwa hiyo tunaona vichwa na mabega kama anavyoona mnunuzi. Piga magoti pale ukingoni. Ukiweza, lala kifudifudi, nguo itafuliwa. Lenzi ikikaribia usawa wa nyuso zao, picha inabadilika kabisa: sasa wao ndio wanaokutazama. Gusa uso mmoja kwenye kioo cha simu, ushikilie kidole mpaka fokasi ijifunge, kisha ukipandishe kidogo kile kijua cha pembeni, cha kuongeza na kupunguza mwanga. Majani ya nyuma yakiungua kidogo, yaache yaungue. Hukusafiri na boti kwa ajili ya majani.

Halafu piga picha moja ya mnyororo peke yake. Ile ni minyororo halisi ya enzi za biashara ya watumwa, ambayo msanii Clara Sörnäs wa Sweden aliitumia alipozitengeneza sanamu hizo mwishoni mwa miaka ya 1990. Sogea mpaka kutu ya chuma ijaze nusu ya picha na shingo ijaze nusu iliyobaki. Soko la watumwa lenyewe lilifungwa mwaka 1873 na kanisa likajengwa palepale, kwa hiyo ukipata pembe inayoonyesha shimo mbele na ukuta wa kanisa nyuma, umeeleza habari nzima bila maelezo ya chini. Kushuka shimoni kupiga selfi huku umeshika mnyororo, hapana. Nimeziona picha hizo, na sitaki kuletewa nyingine.

Mama Picha, kazi yangu iko Posta, kila siku napita kwenye Sanamu ya Askari. Nilimpiga picha Desemba saa nne asubuhi, uso wote ukaonekana. Julai nikampiga saa ileile, palepale, nusu ya uso ikazama kivulini. Kamera ni ileile. Nini kimebadilika? Dar es Salaam.

Jua limehama, kaka. Dar iko karibu nyuzi saba kusini mwa ikweta. Desemba jua linapita upande wetu wa kusini. Juni na Julai, wakati wa kipupwe, linapita kaskazini. Katikati ya safari hizo hutupitia utosini kabisa mara mbili kwa mwaka, mapema Machi na tena Oktoba, na siku hizo adhuhuri hata nguzo ya umeme haina kivuli cha maana. Askari ameelekeza singe yake upande wa bandarini, kwa hiyo Desemba asubuhi jua linamkabili na Julai linampiga ubavuni.

Lakini mimi ningechapisha ile ya Julai. Mwanga unaotoka mbele unaonyesha kila kitu na hauchongi chochote: shaba inakuwa bapa kama picha ya kitambulisho, na hizo napiga kila siku studioni kwangu, nazijua. Mwanga wa ubavuni ndio unaotoa mikunjo ya sare, mkanda, misuli ya mkono ulioshika bunduki. James Alexander Stevenson aliyeifinyanga hakuweka mikunjo ile ili ifutwe na jua la usoni. Sanamu imesimama hapo tangu 1927 na haitakugeukia. Wewe ndiye wa kuzunguka, na kwa bahati nzuri uko kwenye mzunguko.

Zunguka kwenye njia ya waenda kwa miguu lakini, usijitie katikati ya magari. Vuta kwa zumu kutoka ng'ambo ya barabara. Na kabla ya kubonyeza, tazama nyuma ya kichwa. Sisemi utazame sanamu, hiyo umeshaiona. Tazama kile kilichoshikana nayo: nguzo ya taa inayoota utosini, bango la simu, dirisha lenye kiyoyozi. Hatua mbili kushoto au kulia mara nyingi zinatosha kumpeleka kwenye anga tupu au kwenye majani ya mti. Kunguru akitua kwenye singe usimfukuze, ndiye mkazi. Ukitaka magari yapotee, nenda wakati wa magharibi, jua likishazama na taa zikiwaka, weka kamera kwenye stendi, uache shata wazi kwa sekunde kadhaa. Magari yatageuka michirizi ya taa, na Askari atabaki peke yake. Pale pale Wajerumani walikuwa wamesimamisha sanamu ya gavana wao, von Wissmann, ikaondolewa baada ya Waingereza kuuteka mji mwaka 1916. Kwa hiyo piga na maandishi ya kwenye msingi. Sanamu huwa zinahama.

Shikamoo mama. Nachonga mpingo Mwenge na nauza kwa WhatsApp. Nikipiga kinyago dukani kunakuwa na giza, nikikitoa nje bustanini kinakuwa dude jeusi lenye vidoa vyeupe. Wateja wanauliza "hiki ni nini?" Naumia maana kazi ni ya ujamaa, watu wamepandana mpaka juu na kila mmoja ana sura yake.

Marahaba fundi. Mpingo ni mtihani hata kwa wenye kamera za mamilioni, kwa sababu una mambo mawili kwa pamoja: ni mweusi, na ukishaupiga msasa na kuupaka dawa ya viatu unang'aa. Kitu cheusi kinachong'aa hakionekani kwa mwanga kinaoumeza, kinaonekana kwa kile kinachoakisi. Ukikiweka juani, kinaakisi jua lenyewe, ndivyo vidoa vyako. Ukikiweka chini ya mti, kinaakisi majani meusi, basi, dude.

Kwa hiyo kipe kitu cheupe cha kuakisi. Weka kinyago chini ya kivuli cha ukuta au cha kibaraza, mahali ambapo upande mmoja kuna anga wazi. Upande wa pili simamisha shuka jeupe, au lile foma jeupe linalokuja ndani ya boksi la televisheni, karibu sana, kama urefu wa mkono. Sasa lisogeze taratibu huku ukikitazama kinyago, usitazame simu. Utaona mstari mweupe unatambaa kwenye ubavu wa sanamu: unapita kwenye bega la wa chini, unapanda goti la wa pili, unazunguka kichwa cha mtoto. Mstari huo ukifika mahali unapotenganisha kila mwili na jirani yake, simama. Hapo ndipo pa kupigia.

Kwenye simu, gusa kinyago halafu ushushe kijua. Nimesema ushushe, ingawa kinyago ni cheusi. Simu ikiona weusi umejaa hudhani ni usiku, hukazana kuangaza, na mpingo unatoka kijivu kama mkaa uliokwisha kazi. Kwa vinyago vya Kisii vya jiwe jeupe ni kinyume chake: pandisha, la sivyo vitaonekana vichafu. Nyuma weka majani ya mbali, hatua tano au sita, ili yafifie. Na usiweke kinyago juu ya nyasi, kwa sababu nyasi zinarusha ukijani tumboni na mteja atadhani ni rangi. Maliza haraka ukirudishe ndani. Mpingo mbichi ukiachwa juani unapasuka, na hilo wewe unalijua kuliko mimi.

Hujambo Mama. Niko Nairobi. Pale City Park, kwenye kaburi la Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Kenya, kuna sanamu nzuri za mawe lakini miti inatia madoadoa ya jua kila mahali. Nifanyeje?

Sijambo. Madoadoa ya jua juu ya sanamu yanaua umbo, macho hayajui lipi ni shimo na lipi ni kivuli cha jani. Nairobi asubuhi za Julai huwa na mawingu mazito; hizo ndizo siku zako. Kama ni lazima upige juani, mwombe mwenzako ashike mwavuli mpana au leso juu ya sanamu, nje ya picha, ufunike madoa yote. Kwa kazi ya mchongaji Elkana Ong'esa pale, mtafute ndege wa amani, na umzunguke mpaka upate upande ambao mabawa hayajashikana na shina la mti. Funga begi lako. Kima wa City Park hawaogopi mtu, na hawachagui kati ya ndizi na kifuniko cha lenzi.

Sanamu ya Uhuru ya Kampala kwenye picha yangu ina miguu minene na kichwa cha punje. Msomaji, Masaka.

Ulisimama karibu mno ukainua simu juu. Kazi ile ya Gregory Maloba ya mwaka 1962 ina urefu wa mita sita hivi, na lenzi pana ya simu hunenepesha kilicho karibu. Rudi nyuma hadi uione yote bila kuinua shingo, kisha weka zumu ya mara mbili. Yule mtoto aliyeinua mikono ndiye kilele. Mpe anga juu ya vidole, usimkate.

Mlinzi wa bustani ya hoteli alinizuia nisipige sanamu za simba. Ana haki? Arusha.

Bustani ni ya mwenye hoteli, kwa hiyo ndiyo. Mwombe meneja kabla hujatoa kamera, na umwambie wazi kama picha ni za nyumbani au za kuuza. Za kalenda na kadi za biashara ni habari nyingine: tafuta ruhusa ya mchongaji kwa maandishi. Na mkija Dar kupiga picha karibu na Bustani ya Mimea na Makumbusho ya Taifa, kumbukeni Ikulu iko jirani. Lenzi isielekee huko.