Vyungu kupasuka motoni na weusi wa mabaka: anza kwa kuusoma ufa

Mkuu uliyeko Moshi, umeuliza kwa nini vyungu vyako vinapasuka vikichomwa, na kwa nini weusi unaoupaka kwa moshi wa pumba unatoka mabaka badala ya kujaa. Hayo ni magonjwa mawili, usiyape dawa moja.

Tazama palipopasuka. Kama kimebanduka kipande cha duara na ulisikia "pa!" mapema, hayo ni maji yaliyogeuka mvuke. Chungu huonekana kikavu nje kumbe katikati ya ukuta bado. Kiguse kwa shavu: kikiwa cha baridi, hakijakauka. Masika hata wiki tatu kivulini zinaweza zisitoshe, kwa hiyo kipashe kwanza, kifudifudi kando ya makaa, saa mbili au tatu, ukikisogeza kidogo kidogo. Ufa mrefu unaoteremka kutoka mdomoni, wenye kingo kali, mara nyingi ni wa kupoa ghafla. Chembe za mchanga zilizomo kwenye udongo hunywea kwa mkupuo joto likishuka kupita 573°C. Ukikitoa motoni kikapigwa na upepo wa jioni, basi tena. Na vile vitobo vyenye kidoa cheupe katikati, vinavyojitokeza siku kadhaa baadaye? Chokaa. Hapo tafuta udongo mwingine, moto hauna kosa.

Udongo mtupu hauvumilii moto wa wazi. Twanga vigae vya vyungu vya zamani, chekecha, changanya kopo moja kwa makopo manne ya udongo.

Sasa weusi. Kosa la wengi ni kutia chungu kibichi moja kwa moja kwenye pipa la pumba. Pumba hufuka, haziwaki, na mara nyingi joto lake halitoshi kuugeuza udongo kuwa kigae. Kinatoka cheusi kizuri, ukikijaza maji kinarudi kuwa tope. Choma mara mbili. Kwanza kuni na mavi makavu ya ng'ombe, mpaka vyungu vyenyewe viwe vyekundu kama kaa, kisha viache vipoe humo humo majivuni.

Baadaye chukua pipa la lita 200. Tandaza pumba kavu za mpunga, au unga wa mbao, unene wa sentimita 10. Panga vyungu vikiachana vidole vinne, jaza pumba hadi ndani ya tumbo la kila chungu, funika vyote. Maranda makubwa yanaacha hewa nyingi, ndiyo mwanzo wa mabaka. Washa juu. Moto ukienea uso wote, funika bati ukiacha upenyo wa kidole. Pumba zikishuka mpaka mabega ya vyungu yaonekane, ziba pote kwa udongo mbichi. Usifungue mpaka kiganja kitulie kwenye pipa bila kuungua. Ukichungulia mapema, hewa inaula ule weusi na unabaki na kijivu.

Unga wa mbao zilizotiwa dawa usiuguse kabisa, moshi wake ni sumu.

Mng'ao hautoki kwenye moshi. Unasugua kwa kokoto laini ya mtoni kabla ya kuchoma, udongo ukiwa haubonyei kwa kidole lakini ukucha bado unachora. Mwisho paka nta ya nyuki chungu kikiwa vuguvugu. Ni cha pambo hicho. Maji yatavuja tu.